Mwaka Chama Chetu Kilipotembea Nuruni

Katika ibada ya kumkumbuka Mzee Elkana, iliyofanyika Jumamosi moja kwenye ukumbi wa kanisa kule Lanham, kijana aliyepewa kazi ya kusoma wasifu aliifanya kazi yake vizuri, suti imemkaa, sauti haitetemeki. Alitaja shule aliyosomea marehemu, akataja ukarani wake serikalini, kuja kwake Marekani, miaka aliyowatunza wazee wa Kizungu na madarasa aliyofundisha Shule ya Jumapili. Kisha akasema, "Mwaka wa elfu mbili na saba aka-relocate Kenya, ambako ali-enjoy sana farming," akafunua ukurasa. Nilikuwa nimekaa safu ya tatu na nikasikia damu ikinipanda. Ku-relocate! Kana kwamba mzee alibeba makochi yake kwa lori akahama kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine. Nilimtazama Mama Keziah, mjane wake, pale mbele, nikitumaini ataguna, atatikisa kichwa, atafanya lolote. Hakufanya. Alikuwa amekaa wima na kitambaa chake cheusi, akisikiliza habari za mkulima fulani aliyefariki. Wageni wengi pale ukumbini walikuwa vijana, hawakujua kwamba kuna mwaka ulikuwa umerukwa. Sisi tuliobaki wa enzi zile tungeweza kutoshea katika gari moja, na tulipoachana mlangoni hakuna aliyelitaja jambo lile. Nimeandika haya kwa sababu hiyo, na kwa sababu nyingine nitakayoieleza.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba cha chini, nyumbani kwa Mzee Elkana na Mama Keziah, kule Hyattsville. Kilikuwa na dirisha dogo lililotazamana na magurudumu ya gari la jirani, na bomba kubwa la hewa ya joto lililopita juu ya kitanda changu kutoka sebuleni. Majira ya baridi bomba lile lilinipa joto, na mwaka mzima lilinipa habari, maana kila neno lililosemwa sebuleni lilinishukia kichwani. Nilikuwa msichana mgeni, nafanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha wagonjwa katika nyumba ya wazee, ile ile alikofanya kazi Mzee, na Mama Keziah alikuwa muuguzi mahali pengine. Hawakuwa ndugu zangu wa damu. Waliniokota kanisani, na kabla ya mwezi kwisha Mama Keziah alikuwa akinigombeza kwa kula mkate bila siagi. Sebule yao ilikuwa ya nyumbani kabisa: makochi yamevishwa vitambaa vya kufuma, kalenda ya kanisa ukutani, chupa ya chai haikosi mezani. Jumamosi alipikwa kuku, zikachomwa chapati, na sukuma wiki ilitengenezwa kwa majani mapana ya Kimarekani ambayo Mama Keziah aliyakatakata akilalamika kwamba ni magumu, hayajalelewa vizuri. Harufu ile ikishuka kwenye bomba nilijua ndugu wa chama wanakuja.

Naam, tulikuwa na chama. Kiliitwa Chama cha Upendo na Haki, nasi tulikuwa Tawi la Washington na Vitongoji Vyake. Kilikuwa chama cha demokrasia ya Kikristo, na Ndugu Gerishon, katibu wetu, mhasibu wa ofisi fulani mjini, mtu mwenye miwani na tai hata siku ya mapumziko, hakuchoka kutueleza maana yake: si chama cha kanisa, si cha wahubiri, ni cha watu wanaoamini kwamba jirani ni mali ya Mungu kabla ya kuwa mali ya serikali. "Wazungu wa Ulaya waliinua nchi zilizokuwa vifusi kwa siasa hizi hizi," alisema. Kisha alianza historia ya uchaguzi wa chama, nasi tulikaa kimya kama watu wanaosomewa kitabu cha Mambo ya Nyakati. Vyama vingi viliporudi Kenya, mwaka wa tisini na mbili, tulipata diwani mmoja. Tisini na saba, diwani yule alihamia chama tawala akisema Bwana amemfungulia mlango. Elfu mbili na mbili, tulijiunga na muungano mkubwa, tukaachiwa jimbo moja tu la kusimamisha mtu wetu, na mtu wetu akashindwa na kila aliyesimama naye, akashindwa hata na kura zilizoharibika. Hapo Gerishon alivua miwani akaifuta. "Lakini ndugu," alisema kila mara, "hatujawahi kuiba hata moja." Sasa ninavyokumbuka nacheka, lakini wakati ule sikucheka. Nilikuwa sijawahi kukaa na watu wazima walioshindwa mara nyingi namna ile na bado wakachoma chapati kwa furaha.

Sisi wenyewe hatukuwa na kura. Sheria ya wakati ule haikumruhusu Mkenya aliye ng'ambo kupiga kura huko huko aliko, hivyo chama chetu cha Hyattsville kilikuwa cha watu wa kuomba, kushauri na kupiga simu. Habari ilipofika kwamba makao makuu yanamtaka Mzee Elkana asimame ubunge katika jimbo lake la milimani, sebule ililipuka kwa nyimbo. Mtu wetu! Mama Keziah alikuwa jikoni akichuja chai. Nilimwona akiendelea kumimina hata baada ya chupa kujaa, chai ikatiririka mezani ikashuka hadi kwenye viatu vyake. Nikakimbilia kitambaa. "Acha," akaniambia, "nitapangusa mimi." Wageni walipoondoka nilishuka chumbani kwangu, na bomba likaanza.

"Wakili alisema nini?" sauti ya Mama Keziah.

"Alisema nikitoka kabla karatasi za ukaaji hazijakamilika, kurudi kutakuwa kugumu sana."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nikasema nitaomba."

"Mtu akishajua jibu, Baba Keziah, huko si kuomba. Huko ni kumngoja Mungu abadilishe maneno ya wakili."

Mzee alicheka. Alikuwa na kicheko cha chini, cha mtu anayekohoa. "Alisema kugumu. Hakusema haiwezekani. Nikishinda, mtanifuata wewe na mtoto. Nikishindwa, nitarudi hapa kwenu. Nakuahidi."

"Keziah hawezi kuacha shule. Na mimi nikitoka, karatasi zangu nazo zinakufa. Ukishinda, Elkana, basi tena."

Ni mara moja tu nilimsikia akimwita kwa jina lake tupu. Kisha nikasikia mtu akizoa vikombe. Nililala nikiwaza kwamba nimeingia katika nyumba yenye bahati, ambamo baba anaenda kuwa mbunge. Nilikuwa mjinga, lakini ujana una haki yake ya ujinga. Leo nikiliweka neno hili mezani naliona wazi: katika nyumba ile, ushindi wa chama na ndoa ya watu wawili vilikuwa vinavutana kwenye kamba moja, nasi sote tulikuwa upande mmoja wa kamba tukivuta kwa nyimbo.

Kulikuwa na sharti. Chama kilianzishwa na watu wa uamsho, na kwa watu wa uamsho aliyeokoka hafichi dhambi yake. Anasimama mbele ya ndugu, anaitaja kwa jina lake, na ndugu wanamwimbia na kumkumbatia, na jambo lile limekwisha. Ndiko tunakoita kutembea nuruni. Katiba ya chama ilitaka kila mgombea atembee nuruni kabla ya kuidhinishwa, na hakuna aliyeona ajabu, maana ndivyo tulivyochagua hata mtunza viti wa kanisa. Hivyo Jumamosi moja Mzee Elkana alisimama kati ya makochi, akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi.

"Bwana asifiwe, ndugu."

"Asifiwe sana!"

"Mimi ni Elkana, mwenye dhambi niliyeokolewa kwa neema. Yale ya pombe mnayajua, yale ya hasira mke wangu anayajua. Kuna moja sijawahi kulileta nuruni. Mwaka wa themanini na nane nilikuwa karani wa uchaguzi kule kwetu. Mnakumbuka uchaguzi wa mlolongo."

Wakubwa waliguna. Nilikuwa mdogo sana mwaka ule, lakini hata mimi nilikuwa nimesimuliwa: hapakuwa na karatasi za siri, watu walijipanga mchana kweupe nyuma ya picha ya mtu wao, na mlolongo mrefu ndio ulioshinda, au ulipaswa kushinda.

"Kiwanjani palikuwa na milolongo miwili," Mzee akaendelea. "Mmoja ulitoka langoni ukazunguka uwanja wote wa shule. Wa pili ungetosha kusimama kivulini mwa darasa moja. Mkubwa wangu akanijia akaniambia, 'Karani, andika kwamba mfupi ndio mrefu.' Nikaandika. Watu walikuwa hawajatawanyika, ndugu zangu. Walikuwa bado wamesimama kwenye mlolongo wao wananiangalia, na mimi naandika. Nilimjua kila mmoja. Mama yangu mdogo alikuwa pale, na mwalimu aliyenifundisha kushika kalamu. Nikaandika hivyo hivyo."

Sebule nzima ililia. Gerishon alivua miwani asiivae tena. Tuliimba wimbo wa wokovu mpaka jirani wa Kisalvador akaja kuchungulia, akapewa chapati. Na hapo ndipo tulipokosea, kosa ambalo nadhani ni sisi tu duniani tungeweza kulifanya. Tulimwona Mzee Elkana, mtu aliyekuwa amekiri kwamba aliiba uchaguzi, tukaamua kwamba huyu ndiye hasa anayefaa kugombea, na kwamba lazima akayaseme maneno yale yale kule jimboni, katika mkutano wake wa kwanza, kwa kipaza sauti. "Mficha uchi hazai," alisema Gerishon. "Nchi yetu haizai kwa sababu kila mwanasiasa anaficha. Huyu atakuwa wa kwanza kusema ukweli. Wataacha kumpenda vipi?"

Alikuwepo Bwana Faustin, Mkongo wa Bukavu, aliyeishi nyumba ya pili na aliyefanya kazi zamu moja na Mzee. Hakuwa mwanachama. Alikuja kwa ajili ya kuku, na hakuona haya kusema hivyo. Aliweka sahani chini.

"Bandugu, munisamehe, mimi niko Mukatoliki," alisema. "Zambi unaambia padri, mu kasanduku, polepole. Yeye ameambia Mungu, ameambia bandugu, ni muzuri, anapona. Lakini bale batu ya kura? Ni bale bale balisimama ku mulolongo! Kule kwetu candidat anatoa bia na t-shirt. Weye, mzee, utabatolea zambi?"

Tulicheka sana. Mzee mwenyewe alicheka hadi akashika ubavu. "Faustin," alisema, "watu wa kwetu ni watu wa uamsho. Ukileta nuruni, wanakusamehe."

"Batakusamehe, ndiyo. Sijasema habatakusamehe."

"Mama Keziah," Gerishon akageuka, "wewe ni mwenyekiti wa maombi. Unasemaje?"

"Ninasema chai inapoa," alijibu, akaenda zake jikoni. Kwetu mama akinyamaza huhesabiwa kwamba amekubali. Kikao kikapitisha kwa sauti moja.

Mzee aliondoka mwisho wa kiangazi. Tulikwenda kumsindikiza uwanja wa ndege, tukasimama duara katikati ya njia tukashikana mikono kuomba, mpaka mlinzi akatuomba tusogee kando, abiria wapite. Keziah, aliyekuwa na umri wa kung'oka meno, alimng'ang'ania baba yake koti. Mtoto yule alisikia kila neno la Kiswahili lakini hakuwahi kulijibu kwa Kiswahili. "Dad, when are you coming back?"

"Uchaguzi ukiisha tu, mama."

"But not if you win, right?"

Watu wazima tulicheka, tukamsifu kwa akili. Mzee alimbusu kwenye nywele, akachukua mkoba wake, akaenda. Mama Keziah hakulia pale. Njiani kurudi aliniomba niendeshe mimi, akakaa nyuma na mtoto, na nilipomtazama kwenye kioo alikuwa amefumba macho, midomo inacheza. Nikajua anaomba, nikafurahi kwamba tuna mama wa namna ile.

Mkutano wa kwanza tuliuhudhuria kwa simu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi kwetu, kwao jua linaelekea kushuka, tumekaa kuizunguka simu ya Gerishon iliyowekwa katikati ya meza ya maandazi. Kijana mmoja kule jimboni alikuwa ameshika simu karibu na jukwaa. Tulisikia upepo, kwaya, mbuzi, mtu akijaribu kipaza sauti kwa kuhesabu. Kisha sauti ya Mzee Elkana, imekwaruzika, inasema kwa lugha ya nyumbani maneno yale yale aliyoyasema kati ya makochi: uwanja wa shule, milolongo miwili, kalamu. Alipomaliza, hapakuwa na sauti. Nilidhani simu imekatika. Halafu mwanamke mmoja, mtu mzima kwa sauti yake, akasema kutoka katikati ya watu, "Kumbe ulikuwa ni wewe, Elkana? Na sisi tuliosimama juani tangu asubuhi?"

"Ni mimi, mama. Nisameheni."

Kisha yule mwanamke akasema, "Tumekusamehe," na umati wote ukapokea, "Tumekusamehe!" na wimbo ukaanza. Hyattsville tuliruka kutoka vitini. Gerishon alinikumbatia, mtu ambaye hakuwahi kunipa hata mkono bila kuunyoosha kwanza. Tulikuwa tumeshinda! Mama Keziah alikuwa ameufunika uso kwa aproni yake, mabega yanatikisika, nasi tukampigapiga mgongoni tukimwambia, "Amina, mama, lia tu, ni furaha." Katika kelele zile, mimi niliyekuwa karibu na simu nikamsikia yule mwanamke tena, wimbo ulipotulia. Aliuliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza njia, "Sasa tukikupa kura, mwanangu, atazihesabu nani?" Watu wakacheka kule, kicheko cha wema, hakikuwa cha kumzomea. Gerishon akaizima simu ili tushukuru.

Baadaye tulisikia kwamba mpinzani wake hakuhitaji kampeni tena. Kila alikopita alirudia swali la yule mama, akamsifu Elkana kwa uaminifu wake, akashuka jukwaani. Mzee alialikwa chai katika kila boma. Walimchinjia. Mwalimu wake wa zamani, yule wa kalamu, alimwekea mikono kichwani akambariki. Alitupigia simu kwa sauti ya mtu aliyezaliwa upya, akasema hajawahi kupendwa namna ile tangu utoto, na Gerishon akatufafanulia kwamba hizo ni dalili za ushindi mkubwa. Faustin peke yake alitikisa kichwa juu ya sahani yake. "Mimi nilisema batamusamehe," alinong'ona kwangu. "Mutu anasamehe mwizi. Lakini hamurudishie ufunguo."

Kila Jumatano jioni wanawake walikusanyika sebuleni kumwombea, wakiwa wamefunga tangu asubuhi. Tulipiga magoti tukiegemeza viwiko kwenye makochi, na mimi nilipenda kuwa kando ya Mama Keziah, maana aliomba kwa maneno yaliyoshiba. "Bwana, mwinue mtumishi wako. Bwana, nyosha mapito yake." Sauti yake ilinifanya nione nchi nzima ikinyooka. Kisha alituambia kila mtu amweleze Mungu kimya kimya haja ya moyo wake, na hapo palikuwa na kimya kirefu, tukisikia magari tu barabarani. Nilimwomba Mungu ampe Mzee ushindi. Nilimwomba kwa moyo wote, na kwa kiburi pia, kwa sababu nilikuwa nimeanza kujiona mtu wa karibu na mambo makubwa. Mama Keziah alichelewa kila mara kutoa amina. Tulimngoja, magoti yanauma, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu. "Huyu mama anapigana," walisema wenzetu wakivaa viatu.

Uchaguzi ulifanyika siku zile baada ya Krismasi. Mzee alipiga simu kesho yake jioni ya kwao. Alisema amepata kura chache, pungufu ya watu walioimba siku ile ya kwanza. Alisema chama hakikupata kiti popote, wala udiwani. "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akasema, akajaribu kukicheka kile kicheko chake. Gerishon alianza kuuliza habari za mawakala na vituo, Mzee akamkatiza taratibu: "Ndugu, zilihesabiwa vizuri. Nilikuwepo." Hatukupata nafasi ya kulia. Siku zilizofuata Kenya iliwaka, televisheni ikatuonyesha moshi na watu wamebeba magodoro, na kila mtu sebuleni pale alikuwa anatafuta ndugu kwa simu isiyopatikana. Watu wanapokufa, nani atathubutu kuomboleza chama kidogo? Tuliona haya hata kukitaja. Nadhani haya ile ndiyo iliyokiua, kabla ya sheria mpya ya vyama kuja na masharti ambayo chama chetu hakikuweza kuyatimiza, kikafutwa bila kelele.

Lakini jambo moja la siku zile sikulielewa wakati ule. Katikati ya msiba wa nchi, Mama Keziah alikuwa na uchangamfu. Alilia na wenye kulia, ndiyo, alipiga simu usiku na mchana kwa jamaa zake, lakini alilitoa koti la baridi la Mzee kabatini akalipeleka kwa dobi. Alinunua viatu vya theluji vya kiume. Alibadilisha mapazia ya chumba chao. "Baba Keziah aliahidi," aliniambia akikung'uta mto. "Alisema akishindwa atarudi." Alifanya mazoezi ya maneno ya kumwambia wakili. Ubalozi ulimkatalia Mzee viza mara ya kwanza, mkewe akasema ni ofisa mbaya. Ukamkatalia mara ya pili. Mara ya tatu Mzee alituambia mwenyewe kwa simu kwamba hatajaribu tena, kwamba ameulizwa kama alikaa Marekani kupita muda aliopewa, naye amejibu kweli. Koti lile lilining'inia mlangoni ndani ya nailoni ya dobi hadi masika. Mimi nilihama mwaka uliofuata, nikapanga Langley Park na wasichana wengine, kwa sababu chakula cha nyumba ile kilikuwa kimepoteza ladha na bomba halikuwa na habari yoyote tena. Sijawahi kujiunga na chama kingine. Hata kanisani, wakisema tuombe kwa sauti, mimi hubaki nimenyamaza. Na najuta, sitaki kuficha. Nasikitika nikikumbuka sebule ile, watu wale wapole waliodhani kusamehewa na kuchaguliwa ni kitu kimoja, na mtoto aliyeuliza swali zuri kuliko yetu sote tukamcheka. Nchi ingekuwaje kama watu wa jimbo wangempa kura? Labda isingekuwa tofauti. Lakini nimewaona wabunge wengi tangu wakati ule, na sijamwona mwingine aliyesema kura zilihesabiwa vizuri baada ya kushindwa.

Miaka mingi baadaye, karatasi zake zilipokamilika, Mama Keziah alikwenda kumwona mumewe. Alikaa wiki chache akarudi. Niliposikia nilimuuliza safari ilikuwaje, akasema Mzee ana mbuzi wazuri. Kisha Mzee akaugua, akafa, na tukakutana pale Lanham.

Baada ya ibada nilimsindikiza Mama Keziah hadi kwenye gari langu. Keziah, sasa dada mkubwa mwenye watoto, alikuwa bado ndani anaagana na wageni. Tulikaa tukiwa tumefungua milango, mjane ameweka viatu pembeni kupumzisha miguu. Nikamwambia nimeudhika na wasifu ule, kwamba wamemfuta mzee wetu.

"Mimi ndiye niliyesema wasiandike," akajibu.

Nikamgeukia.

"Muthoni, zile Jumatano tulipokuwa tukipiga magoti. Pale pa kimya. Wewe ulikuwa ukiomba nini?"

"Ashinde, mama. Sote tuliomba ashinde."

"Mimi niliomba ashindwe."

Alisema bila kunitazama, akisugua kisigino.

"Nilisema, Bwana, akishinda sitakuwa na mume. Mwangushe, anirudie. Nilifunga kwa ajili ya hilo. Niliwaongoza ninyi kwa mdomo, na moyoni nikaenda njia yangu. Akaanguka. Basi nikajua nimesikiwa, nikatoa koti lake." Akahamia kisigino cha pili. "Mungu alisikia nusu."

"Hukumwambia?"

"Ndicho kilichonipeleka, ile safari. Nilisema, yeye alilisema lake mbele ya jimbo zima, na mimi nitamwambia langu, sisi wawili tu. Nilifika, akaniwekea kiti barazani, akanikamulia maziwa kwa mikono yake. Kabla sijafungua kinywa akanishika magoti, akaniambia, 'Mama Keziah, jimbo lote lilinikataa, lakini nilijua Hyattsville kuna mtu mmoja aliyekuwa akipiga magoti kwa ajili yangu. Hiyo ndiyo kura niliyoishi nayo miaka yote hii.'" Alivivaa viatu vyake, kimoja, kisha cha pili. "Sasa niambie wewe, mwanangu. Ningeanzia wapi?"